Kabla karatasi haijafunga karanga: kicheko chetu kilichorwa na nani?

Ndugu na dada, ba-lisansie wenzangu, na nyie wenye mungali kwenye masomo, leo siongelee mahindi. Naongelea karatasi.

Mwaka jana nilinunua karanga hapa sokoni Kolwezi. Nilipomaliza kula nikaona karatasi yenyewe iko na picha: polisi wa kaputula, mdomo wazi, anafokea watu. Maneno yalikuwa Kifaransa kilichochanganywa na Lingala ya barabarani. Nikarudi mbio.

"Mama, hii karatasi ulitosha wapi?"

"Yaya, ni makaratasi tu. Mzee moja alikufa, batoto yake baliuzisha makartoni yote."

Yule polisi anaitwa Apolosa. Wazazi wetu wengi wanamjua, siye tulimkosa. Njo maana nikaanza kutafuta historia yake.

Tuanze nyuma kidogo. Miaka ya 1950, kalamu ya kutuchekesha mara nyingi ilikuwa mikononi mwa wengine. Gazeti la serikali ya kikoloni, Nos Images, lilitoa hadithi za picha za familia ya Mbumbulu, familia ya "évolué" yenye ilipaswa kutufundisha adabu. Kule Kasai, padri Albert Van Haelst alipiga filamu za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Na Léopoldville, padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za kwanza za Kongo, Les Palabres de Mboloko. Mboloko ni yule swala mdogo mwenye akili nyingi, wengine tunamuita kabuluku. Watu walicheka, siwezi kukataa. Lakini hadithi ilikuwa yetu, na mwenye kuamua mwisho wake alikuwa mtu mwingine.

Halafu 1968, Kinshasa, Freddy Mulongo na Achille Ngoie wakaanzisha Jeunes pour Jeunes. Jina lenyewe linasema yote: vijana kwa ajili ya vijana. Ndani yake kulikuwa na bede, muziki na habari za mtaa, na mashujaa walisema Hindubill, lugha ya ba-bills wa Kinshasa waliokuwa wanaiga wacowboy wa sinema. Wachoraji kama Denis Boyau na Lepa Mabila Saye hawakwenda mbali kutafuta hadithi. Walichora bar, foleni, deni, na polisi anayenyanyasa raia.

Mwaka 1971 Mobutu akaleta "authenticité", nchi ikaitwa Zaïre, na gazeti nalo likabadili jina: Kake, yaani radi kwa Lingala. Ona ujanja: radi inapiga toka juu, lakini Kake ilichekea chini. Rais hakuguswa, nani angethubutu? Akabaki Apolosa. Kwa maoni yangu, msomaji alimuona polisi mdogo, akajua mwenyewe ngazi inapanda mpaka wapi. Hapa Katanga, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilifanya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili chetu, kwenye teatri, redio na televisheni.

Na katuni za kutembea je? Hapo inatubidi tumfahamu Jean-Michel Kibushi, mtoto wa Lubefu. Yeye hakutoka Kake. Alisomea teatri Kinshasa. Mwaka 1988 akaunda Studio Malembe Maa, studio ya kusafiri. Malembe ni polepole, na kazi yenyewe njo iko vile. Filamu yake ya kwanza, ya 1991, ni hadithi ya Kitetela juu ya chura aliyeenda kwa wakwe, dakika kama 8. Piga hesabu: sinema inapitisha picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 8 ni picha 11 520. Hata ukirudilia kila mchoro mara mbili, unabaki na 5 760. Mwaka uliofuata, kwa michoro ya watoto, akasimulia uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991. Wazee wa hapa wanaujua mwaka ule, juu uporaji ulifika mpaka Kolwezi. Na katika Muana Mboka, 1999, mtoto wa barabarani anamuokoa waziri kwenye aksida. Mdogo mbele ya mkubwa: kicheko ni kile kile cha Apolosa, sasa kinatembea.

Kwa nini agronome anajali? Kwa sababu mimi pia nilipoteza karatasi. Niligawia wakulima wa pembeni ya Kolwezi kurasa za Kifaransa juu ya viwavijeshi, nikiwa na fahari zangu zote za lisansi. Kisha wiki mbili nikakuta papa mmoja amefungia tumbako ndani ya ukurasa wangu. Hakuna aliyesoma. Msimu uliofuata nikaomba kijana wa jirani achore: agronome wa viatu vya kung'aa anaanguka kwenye matope, na mama anamuonyesha mayai ya mdudu chini ya jani. Walinicheka mpaka machozi. Lakini waligeuza majani, wakatafuta mayai.

Kake na kurasa zangu zote zilifungia vitu. Tofauti ni kwamba Kake ilisomwa kwanza.

Kwa mama wa karanga nilipata kurasa tatu tu. Kartoni nzima ilikuwa imekwisha. Basi ninawaomba kitu kimoja. Wikendi hii fungua kartoni ya baba, ya tonton, ya yule jirani aliyestaafu. Ukikuta Jeunes pour Jeunes au Kake, piga picha kila ukurasa, uandike ulikopata, kisha uulize mzee: hapa mulikuwa munamcheka nani? Mwenye kujibu bado yuko. Na wewe mwenye kujua kuchora, barabara za Kolwezi leo ziko na ma-Apolosa wa kutosha.