Mizimu ya Oktoba: kutoka Ujerumani hadi Oraba

Mwaka jana katika somo la Kijerumani tulipewa orodha ya maneno ya Oktoba: Herbst, Kürbis, Hexe, Geist, Gespenst, Allerseelen. Kazi ilikuwa kuyatafsiri kwa Kiswahili. Kürbis ni boga, hilo halina ubishi. Hexe ni mchawi wa kike. Herbst ilinisumbua kidogo, kwa sababu kamusi husema vuli, na vuli ya pwani ni mvua, si majani yanayopukutika. Lakini nilipokwama kabisa ni kwenye Geist na Gespenst.

Kwanza sikukuu yenyewe. Kanisa la Magharibi limeadhimisha Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba tangu karne ya 9. Siku inayofuata, Allerseelen, ni ya Marehemu Wote, na desturi yake ilienezwa na Odilo, abati wa Cluny, kuanzia mwishoni mwa karne ya 10. Mkesha wa siku hizo ndio Halloween, ambayo Waayalandi waliivusha hadi Marekani. Wajerumani wengi waliipokea katika miaka ya 1990 tu. Mwaka 1991 kanivali ilifutwa katika miji mingi kwa sababu ya Vita vya Ghuba, na wauzaji wa mavazi ya kujigeuza wakatafuta sikukuu nyingine ya kuuzia bidhaa zao. Kabla ya hapo watoto wa vijijini walichonga viazisukari na tanipu, wakatia mshumaa ndani. Wakatoliki huwasha taa makaburini hadi leo. Waprotestanti wana Jumapili yao ya wafu, iliyowekwa na mfalme wa Prussia mwaka 1816. Kwa hiyo chini ya vinyago vya kutisha kuna jambo la kale zaidi: watu kwenda kuwaona wafu wao.

Kiswahili hakikosi maneno hapa, yapo mengi mno. Pepo humpanda mtu aliye hai. Mzuka huzuka tu njiani usiku na kutoweka. Mzimu ni wa wafu wa ukoo, na una madai: ukisahauliwa, utakukumbusha. Mzuka hauna jamaa, mzimu unao. Tofauti hiyo haikuwa kwenye orodha yetu, lakini nyumbani Oraba naiona kila Novemba.

Oktoba 1980 askari wa zamani wa Idi Amin walivuka kutoka Sudan na Zaire wakaishambulia West Nile. Jeshi la serikali lililipiza kisasi kwa raia, na watu wakakimbia kwa maelfu mengi kuvuka mpaka. Bibi yangu alikuwa miongoni mwao. Mtoto wake wa kwanza alifia katika kambi upande wa Yei, akazikwa huko. Waliporudi mwishoni mwa miaka ya 1980, walirudi na masufuria na jembe moja. Kaburi halibebwi.

Kutoka kwetu, Kaya iko hapo tu ng'ambo. Kwa miaka kadhaa bibi alikwenda Yei kupalilia kaburi. Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vilifika Yei, na safari hii wakimbizi walikuja upande wetu, wakapita Oraba wakielekea Bidi Bidi. Njia yake ikafungwa. Tangu hapo, tarehe 2 Novemba, baada ya misa, huwasha mshumaa nje ya nyumba upande wa barabara ya Kaya.

Nilipomweleza habari za maboga yanayochongwa sura, aliuliza kama Wajerumani huyala baadaye. Nikasema wengi huyatupa. Akaguna. Nilipomweleza kuhusu taa za makaburini, hakushangaa. Aliuliza tu, "Mjukuu wangu, na aliye mbali na kaburi huiweka wapi?"

Kwenye orodha, mbele ya Gespenst niliandika mzuka. Mbele ya Geist, ingawa neno hilo hubeba pia roho na akili, niliandika mzimu.