Nondo Mpya Hutambuliwaje?

Mashamba ya mahindi kuzunguka Eldoret, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, yana mgeni wa usiku: nondo Busseola fusca, aliyeelezwa kisayansi na Claude Fuller mwaka 1901. Viwavi wake hupekecha mabua. Ana jamaa wengi waishio ndani ya nyasi za mwituni, na Bruno Le Ru, mtafiti aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, ni miongoni mwa walioeleza spishi mpya za kundi hili. Ili kutambua spishi mpya, wataalamu huchunguza sehemu zifuatazo za mwili, kisha huipa jina.

KICHWA
Hukaguliwa umbo la vipapasio, ukubwa wa macho na urefu wa mrija wa kufyonzea.

MABAWA
Rangi hudanganya: magamba hupukutika, na spishi mbili zaweza kufanana kabisa. Penye shina la bawa la nyuma, dume ana unywele mmoja mnene unaolishikiza kwenye bawa la mbele. Jike ana kadhaa.

VIUNGO VYA UZAZI
Hapa ndipo penye ushahidi mzito. Tumbo hulainishwa kwa potasi ya moto, kisha viungo hupanguliwa na kutazamwa kwa hadubini. Vibano vya dume na kifuko cha jike hutofautiana baina ya spishi.

JINA
Tangu mwaka 2000, kanuni za kimataifa zinadai mwandishi ataje waziwazi kielelezo kinachobeba jina la spishi mpya. Vielelezo hivyo hutunzwa katika makumbusho, ili yeyote mwenye shaka akalinganishe.