Chumbe: mnara wa taa uliohifadhi matumbawe

Kusini mwa mji wa Zanzibar, mwendo wa kilomita 12 hivi, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Mwaka 1904 Waingereza walijenga huko mnara wa taa ili vyombo vinavyopita usiku visipande mwamba. Vidato vya ndani ni zaidi ya 130, vinazunguka mpaka juu, na ukifika unaona msitu upande mmoja na matumbawe chini ya maji maangavu upande wa pili.

Mwaka 1926 mnara ulifungwa taa ya gesi ya AGA, kampuni ya Sweden. Aliyebuni mitambo hiyo, Gustaf Dalén, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mwaka huohuo mlipuko wa gesi ulimpofusha. Inaniuma kila ninapokumbuka: mtu aliyewaangazia mabaharia wa dunia nzima, mwenyewe akabaki gizani.

Walinzi wa taa waliishi peke yao kisiwani. Wakajengewa msikiti mdogo karibu na mnara, nao ungalipo.

Kwa kuwa meli zilipita hapo, na jeshi lilikuwa na eneo lake karibu, wavuvi hawakuruhusiwa kutega upande wa magharibi. Matumbawe yakapona huku kwingine yakivunjwa kwa nyavu na baruti. Sibylle Riedmiller, Mjerumani, alipoyaona aliiomba serikali ya Zanzibar iyahifadhi, na mwaka 1994 yakatangazwa kuwa hifadhi rasmi. Gofu la nyumba ya mlinzi wa taa likageuzwa kituo cha wageni. Waliokuwa wavuvi wakafunzwa, wakawa askari wa hifadhi, na wakienda baharini huwaeleza wavuvi wenzao kwa nini samaki waachwe wazaliane.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba wanafunzi wa Unguja hupelekwa Chumbe bila malipo, wakaingia majini na kuyaona matumbawe kwa macho yao. Wengi wao wamezaliwa ufukweni bila kuwahi kuyaona.

Sisi Isiolo hatuna bahari, lakini tuna hifadhi za wanyama za Buffalo Springs, Shaba na Bisanadi. Watalii wanatoka mbali kuja kutazama pundamilia na twiga wetu, ilhali watoto wengi wa mjini huwaona vitabuni tu. Naiomba serikali ya kaunti na walimu wakuu wakae pamoja, watafute basi, na kila mtoto wa shule ya msingi aingie hifadhini walau mara moja kabla ya kumaliza masomo.