Baiskeli ya Injini ya Mashine ya Nyasi: Venye Inaundwa, na Penye Huwa Inaharibikia

Baiskeli ya injini ni baiskeli ya kawaida, mara nyingi mamba, yenye imefungwa injini ndogo iliyotolewa kwa mashine ingine. Hapa Eldoret injini rahisi kupata ni ya ile mashine ya kukata nyasi ya kubeba begani. Boma nyingi zenye ng'ombe wa maziwa zinaijua vizuri. Kisu kikiisha au gia za chini zikisagika, injini inabaki stoo ikiwa mzima kabisa. Msee anaangalia hiyo injini, anaangalia mamba ya mzae imeegemea ukuta, na akili inaanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si mbaya. Lakini ukweli ni kwamba injini ndio sehemu rahisi ya hii kazi. Wengi huanza na swali "itaenda?" Buda, itaenda. Swali la maana ni kama itasimama.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka wa 1946 huko Hamamatsu, Japani, vita ikiwa imeisha tu na usafiri ukiwa noma, Soichiro Honda alipata injini ndogo za jenereta za redio za jeshi akaanza kuzifunga kwa baiskeli. Hizo injini zilipoisha akaunda zake, na 1948 kampuni ya Honda Motor ikaandikishwa. Mwaka huo huo wa 1946, Wafaransa walianza kuuza VéloSoleX, baiskeli yenye injini iliyokaa juu ya gurudumu la mbele ikisukuma tairi kwa rola. Kwetu mambo yalienda njia ingine: boda boda ilianzia Busia kwa baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Kenya na Uganda, alafu 2008 serikali ikatoa VAT kwa pikipiki ndogo, nduthi zikajaa na mamba zikaenda kupumzika. Ndio maana hadi leo kuna mamba mingi zimelala tu ziko na fremu ngumu.

Injini gani?

Mashine nyingi za nyasi ziko na injini ya cc 43 au cc 52, ya viharusi viwili, ile ya kuchanganya petroli na oili kwa tangi moja. Ni nyepesi, inapoeshwa na feni yake yenyewe (usitoe kava ya plastiki ati ndio ikae kali, hiyo kava ndio inaelekeza upepo kwa silinda), na kabureta yake haijali imelala upande gani, juu iliundwa kwa mashine inayozungushwa zungushwa. Pia inakuja na klachi. Hiyo ndio dhahabu. Ndani kuna viatu viwili vya chuma vinavyofunguka injini ikizunguka kwa kasi, vinashika dramu, na nguvu inatoka. Injini ikishuka viatu vinajikunja, na baiskeli inasimama bila injini kuzima.

Injini ya pampu ya maji, zile za Honda GX160 na ndugu zake, huwa inatamanisha juu iko na nguvu. Achana nayo. Ni kama kilo 15, haina klachi, na oili yake inataka injini ikae sawa. Ukiifunga kwa mamba utakuwa umeunda mzigo. Ile ya kusukuma ya kukata nyasi ya lawn, shafti yake inaangalia chini, so utahangaika kugeuza nguvu ielekee kwa gurudumu.

Kuhusu nguvu: injini ya cc 43 huandikwa kama kilowati 1.25 kwa boksi. Mtu mzima wa kawaida akikanyaga pedali saa nzima anatoa kama wati 100. Hata ukitoa hasara zote, unabaki na miguu kadhaa ya ziada. Kwa mtu mmoja inatosha kupanda mlima. Kwa wawili, injini itapanda ikilia hadi ichemke, so usibebe mtu.

Hesabu ya mwendo

Hapa ndio wengi huchomeka. Injini ya nyasi inafanya kazi vizuri karibu mizunguko 7,000 kwa dakika. Gurudumu la mamba, lile la inchi 28, ukienda kilomita 30 kwa saa linazunguka kama mara 230 kwa dakika. Gawanya utapata 30. Injini lazima izunguke mara 30 ndio gurudumu lizunguke mara moja. Ukiunganisha cheni moja kwa moja kutoka klachi hadi gurudumu bila kupunguza hivyo, klachi itateleza, itanuka, itakufa.

Kuna njia mbili za kupunguza.

Ya kwanza ni rola. Unaunganisha kipande cha chuma cha mviringo kwa dramu ya klachi na kukikandamiza juu ya tairi la nyuma. Rola yenye upana wa milimita 25 inasukuma tairi milimita 78.5 kila mzunguko. Kwa mizunguko 7,000 hiyo ni karibu mita 550 kwa dakika, yaani kilomita 33 kwa saa. Rola ya milimita 32 inakupeleka 42. Na kitu cha kushangaza, ukubwa wa gurudumu hauhesabiki hapa kabisa: tairi kubwa ama ndogo, mwendo ni ule ule, juu rola inagusa mpira wa nje tu.

Shida ya rola ni mvua. Hapa kwetu kuanzia April kuendelea mvua ni story ya kila siku, na tairi likilowa au likipakwa matope ya Langas, rola inazunguka bure ikilamba mpira. Wengine huchomelea vidonge vya chuma kwa rola ndio ishike. Itashika, alafu itakula tairi. Tumia rola laini, tairi la mgongo laini, na ufunge injini kwa bawaba yenye springi ndio uweze kuinua rola ukitaka kukanyaga pedali tu.

Njia ya pili ni cheni mbili na shafti ya katikati. Sproketi ya meno 10 inapeleka ya 60, hapo umepunguza mara 6. Kwa shafti hiyo hiyo, sproketi ya 9 inapeleka ya 45 kwa gurudumu, mara 5. Sita mara tano ni 30. Hii haijali mvua. Lakini inataka fundi wa kuchonga vyuma mwenye mkono, cheni zikae laini moja, na sproketi ya gurudumu ifungwe kwa habu. Usiifunge kwa spoku. Spoku ziliundwa kuvutwa, hazikuundwa kupindwa na injini, na zikianza kukatika zinakatika kwa foleni. Cheni ya injini inakaa upande wa kushoto, pedali na friwili yake zinabaki kulia venye zilikuwa.

Njia yoyote utakayochagua, weka beringi pande zote mbili za rola ama shafti. Dramu ya klachi ya mashine ya nyasi ilizoea kuzungusha mhimili ulionyooka, haikuzoea kuvutwa kando. Ikibeba mzigo upande mmoja, beringi yake ndogo inalegea, dramu inaanza kusugua viatu, na hapo mradi umeisha.

Tena, usiondoke na mafuta ukiwa umesimama. Klachi inaanza kushika kwa mizunguko kama 4,000. Na rola ya milimita 25, hiyo ni karibu kilomita 19 kwa saa. Maana yake ni kwamba chini ya hapo klachi inateleza tu. Kanyaga pedali kwanza, baiskeli ishike mwendo, ndio ufungue mafuta. Msee anayesimama kwa daraja la Sosiani alafu anafungua mafuta yote apande mlima anachoma klachi live live.

Hewa ya 64

Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kama asilimia 20 chini ya ile ya Mombasa. Ndio wakimbiaji wanakuja kufanyia mazoezi huku na Iten, lakini injini haipendi hiyo. Inapoteza karibu kiasi hicho hicho cha nguvu, na kabureta iliyopangwa kiwandani kwa hewa nzito inamwaga petroli mingi kuliko hewa. Dalili ni moshi, injini kukohoa ukifungua mafuta, na plagi nyeusi yenye oili.

Kama kabureta yako iko na skrubu za H na L, unapunguza kidogo kidogo, robo mzunguko kwa wakati, alafu unatembea, unatoa plagi, unaangalia. Rangi ya chokoleti ni poa. Nyeupe ni hatari: petroli imekuwa kidogo, na kwa injini ya viharusi viwili petroli ndio inabeba oili, so pistoni inakauka na kushika. Ukipanga injini hapa alafu uipeleke Kisumu, ambayo iko karibu mita 1,000 chini yetu, hewa inakuwa nzito na ile injini iliyokuwa sawa hapa inaanza kukauka huko. Ipange upya.

Oili ni mililita 40 kwa lita moja ya petroli kwa zile injini zinazotaka mchanganyiko wa 25 kwa 1. Soma ya yako. Na oili iwe ya viharusi viwili, si ile imebaki kwa matatu ya uncle.

Breki, na hapa tukae kidogo

Mamba iliundwa kwa mtu anayeenda kilomita 15 kwa saa. Breki zake ni fimbo za chuma zinazovuta raba ndani ya rimu ya chuma inayong'aa. Siku ya jua zinajaribu. Siku ya mvua, rimu ikilowa, unazishika na unaendelea tu na safari yako.

Sasa, nguvu ya kusimamisha haipandi sawa na mwendo. Ukitoka 15 hadi 30, breki zinabeba mzigo mara nne. Ukifika 45, mara tisa. Ile raba ni ile ile, fimbo ni zile zile. Ndio maana msee anayejigamba kwamba mamba yake inafika 50 anafaa kuulizwa inasimamia wapi.

Kama uko serious, weka injini kwa baiskeli ya mtumba ya mlima yenye rimu za alumini na breki za V, au ya diski kama umebahatika. Breki ya mbele lazima ifanye kazi, juu ukisimama uzito wote unakimbilia mbele. Kama lazima iwe mamba, basi weka rola ndogo ikuzuie kwa 25 au 30, na kila wiki uangalie raba, fimbo, na nati za gurudumu. Injini ndogo inatetemesha kila kitu. Nati zinajifungua zenyewe, so tumia zile za kujifunga zenye plastiki ndani.

Mafuta yakatike haraka pia. Ile mkono ya mashine ya nyasi iko na kifyatulio kinachorudi chenyewe na swichi ya kuzima. Usiitupe. Ifunge kwa usukani, swichi ikae karibu na kidole gumba, na utumie waya ya breki ya baiskeli kurefusha ile ya mafuta. Mtu anayefunga mafuta na kamba isiyorudi anajitafutia. Tangi likae mbali na ekzosi, na paipu ya petroli isiguse chuma moto.

Na usijaribu mteremko wa Iten kwenda Tambach hadi Biretwo. Pale hata lori zenye breki za kweli huenda na heshima.

Karao na logbook

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Cap 403, haiangalii ukubwa wa injini ndio iseme ni baiskeli. Ukishaweka injini ikakusukuma barabarani, hicho ni chombo cha moto. Kinataka kuandikishwa na NTSA, namba, insurance ya kulinda watu wengine, helmeti, na leseni. Leseni yenyewe iko, inaitwa A1, ya pikipiki hadi cc 50, so cc 52 ya mashine ya nyasi inakuruka kwa cc mbili tu, ukicheki. Lakini leseni ndio rahisi. Kuandikisha kitu ulichounda nyuma ya nyumba bila karatasi za kiwanda ndio kazi, na bila hiyo hakuna insurance. Ukigonga mama wa mboga Uganda Road, hakuna kampuni itakuja nyuma yako. Gharama ya hospitali ni wewe na familia yako.

Kwa hivyo kwa sasa mahali pake ni ndani ya shamba. Na huko iko na kazi ya kweli: kupeleka mtungi wa maziwa kutoka boma hadi geti asubuhi, kuzunguka ua huko Ziwa au Moiben, kubeba nyasi kwa kareti ya nyuma. Kilomita moja mbili, mwendo wa pole, hakuna lori nyuma yako.

Siku ya kwanza, jaza nusu tangi tu. Tembea dakika 10, zima, guza kila nati na kila beringi. Beringi ikiwa moto kuliko mkono unaweza kuvumilia, shafti haijanyooka, rudi kwa fundi. Kagua tairi kama rola inalichuna upande mmoja. Alafu tembea dakika 10 zingine.