Safu ya Lugha: Kujihami

Mwandishi wa habari za sayansi anapoeleza kwamba panya wa maabara "ameonyesha woga", humpa mnyama huyo sifa ambayo jaribio halikuipima, kwa kuwa woga ni tabia ya kudumu ya mwenye moyo mdogo, na hofu, neno lililotoka Kiarabu, ni hisia ya ndani. Kinachoonekana ni panya kuganda, kunyoosha shingo akinusa kwa tahadhari, au kuruka ghafla na kukimbia, na jina stahiki la matendo hayo ni kujihami, kutokana na hami, yaani kulinda, lenye asili moja na himaya. Kujitetea halifai hapa, maana hubeba zaidi hoja na maneno.

Usahihi huu una uzito mkubwa katika tafiti za ubongo zinazochunguza matendo hayo, hasa inapotajwa glutamati, kemikali kuu ya kusisimua seli za neva, pamoja na vipokezi vyake, ambavyo ni protini za utando wa seli zinazoinasa. Vipokezi vya aina ya NMDA vikichochewa kwa dawa katika eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa ubongo wa kati, panya hukimbia na kuruka hata pasipo adui. Vikizuiwa katika amigdala, kiini chenye umbo la lozi, mnyama hupata shida kujifunza kuhusisha mlio na mshtuko wa umeme. Joseph LeDoux, mtafiti wa New York aliyelitumia neno hofu kwa miaka mingi katika tafiti za aina hii, amehimiza liachiwe hisia za fahamu, na hoja yake ina nguvu.