Kiini cha Atomu: Historia ya Umbile na Jina Lake katika Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari anayefundishwa kwa mara ya kwanza umbile la atomu hupewa picha iliyokamilika. Katikati pana kiini chenye protoni na nyutroni. Nje ya kiini zimo elektroni. Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, na nyutroni haina chaji. Picha hiyo hutolewa kwa dakika chache, nayo hukaririwa kwa ajili ya mtihani. Kisichoelezwa mara nyingi ni kwamba kila neno lililomo katika sentensi hizo lina tarehe yake, na kwamba maneno hayo yalipoingia katika Kiswahili hayakupita njia moja. Mengine yalikopwa kwa sauti yake. Moja, ambalo ni neno kiini, lilikuwemo tayari katika lugha, likapewa kazi mpya.

Mhadhara huu unaifuata historia hiyo ili kuonyesha kwamba istilahi ya sayansi si kibandiko tu kinachowekwa juu ya kitu kilichokwisha kujulikana. Istilahi ni dai kuhusu umbile la kitu. Hufundisha, na wakati mwingine hupotosha. Kwa sababu hiyo, suala la ni neno gani humfikia mwanafunzi, na kwa lugha gani, ni suala la elimu yenyewe.

Jina lililopitwa na maarifa

Asili ya neno atomu ni Kiyunani, nayo ina maana ya kitu kisichokatika. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Leucippus na mwanafunzi wake Democritus walifundisha kwamba vitu vyote vimeundwa kwa chembe zisizogawanyika zinazotembea katika utupu. Hayo yalikuwa mawazo ya wanafalsafa. Hapakuwa na jaribio lililoyathibitisha. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza John Dalton aliyapa mawazo hayo mizani. Katika kitabu alichoanza kukichapisha mwaka 1808 alidai kwamba kila elementi ina atomu za namna yake zenye uzito wake, na kwamba elementi huungana kwa uwiano maalumu kwa kuwa atomu nzima nzima ndizo zinazoungana.

Mwaka 1897 J. J. Thomson, akifanya kazi Cambridge, alionyesha kwamba miale inayotoka katika kathodi ni mkondo wa chembe zenye chaji hasi, nyepesi mno kuliko atomu ya haidrojeni, nazo ni zile zile hata metali ya kathodi ikibadilishwa. Kwa hiyo ndani ya kile kisichokatika mlikuwa na kitu kinachoweza kutolewa. Tangu siku hiyo jina la atomu limekuwa likisema jambo ambalo sayansi imekwisha kulikana, lakini jina halikubadilishwa.

Kiarabu kilifuata njia nyingine. Hakikukopa sauti ya Kiyunani, bali kilitumia neno lake la kale, dharra, lenye maana ya kitu kidogo sana. Kiswahili, ambacho kimechota maneno mengi katika kisima hicho, safari hii hakikuchota humo. Kilichukua atomu kupitia Kiingereza na kuisarifu kwa kanuni zake: neno linaloishia kwa m huongezewa u, kama ilivyo katika bomu, timu na filamu, ilhali linaloishia kwa n huongezewa i, kama ilivyo katika pini na saini. Ndiyo maana ya atomu kwa upande mmoja, na elektroni na protoni kwa upande wa pili. Silabi ya kwanza ya neno nyutroni ni ushahidi zaidi wa njia iliyopitiwa, kwa kuwa ni matamshi ya Kiingereza wala si ya Kifaransa au Kijerumani.

Kaharabu na umeme

Historia ya neno elektroni inagusa lugha ya Waswahili kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 1891, yaani kabla ya jaribio la Thomson, George Johnstone Stoney alilipendekeza jina hilo kwa kipimo kidogo kabisa cha chaji ya umeme. Alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya kaharabu. Sababu yake ni kongwe: kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta vipande vya majani makavu. Waajemi nao waliiona tabia hiyo na kuita jiwe hilo kwa neno lenye maana ya kinyakua-nyasi. Kutoka Uajemi neno likaingia katika Kiarabu, na Waarabu wa zama za sasa huutaja umeme wenyewe kwa neno hilo.

Neno lile lile lilifika katika Kiswahili na kubaki katika maana yake ya kwanza, kaharabu ya kupambia. Umeme unaowasha taa ulipokuja, Waswahili hawakuuhusisha na kaharabu. Waliupa jina la mwanga unaopasua mawingu wakati wa mvua. Uamuzi huo una busara yake, kwa kuwa umeme wa mawinguni na umeme wa nyaya ni kitu kimoja, jambo ambalo wanasayansi wa Ulaya walilithibitisha kwa majaribio katika karne ya 18 tu. Hata hivyo, kutokana na uamuzi huo, mwanafunzi wa Kiswahili anapolikuta neno elektroni haoni kwamba ni binamu wa umeme, ilhali mwenzake anayetumia Kiingereza husikia undugu huo katika sauti. Hapana budi mwalimu auseme.

Kutoka keki hadi kiini

Baada ya kuzigundua elektroni, swali lilikuwa zimekaaje. Mwaka 1904 Thomson alipendekeza kwamba zimo ndani ya tufe la chaji chanya lililoenea kote. Wengine walikifananisha kielelezo hicho na kitindamlo cha Kiingereza chenye zabibu kavu ndani yake, na mfano huo ungali katika vitabu vya shule. Mfano unaotegemea chakula ambacho mwanafunzi hajakila humwongezea kitendawili badala ya kumpunguzia. Keki yenye zabibu kavu ingetosha.

Mwaka 1909, katika maabara ya Ernest Rutherford huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walielekeza chembe za alfa kwenye mabamba ya metali. Kama atomu ingekuwa keki, chembe zote zingepenya na kupinda kidogo tu. Nyingi zilifanya hivyo. Lakini takribani moja kati ya 8,000 zilizolipiga bamba la platinamu ilirudi nyuma. Rutherford alihitaji karibu miaka miwili kuifikia maana ya chembe hizo chache. Mwaka 1911 aliandika kwamba chaji ya atomu ya aina moja, pamoja na karibu tungamo yake yote, imekusanyika mahali padogo sana katikati. Katika makala hiyo aliiita chaji ya katikati. Mwaka uliofuata alianza kutumia neno la Kilatini lililokwisha kutumiwa katika biolojia na Robert Brown mwaka 1831 kwa sehemu ya ndani ya seli. Kwa Kilatini neno hilo lina maana ya kokwa ndogo, yaani kile kilichomo ndani ya ganda.

Hapa ndipo Kiswahili kilipofanya uchaguzi wake bora. Waundaji wa istilahi hawakukopa sauti ya Kilatini. Walitafsiri mfano wenyewe. Kiini ni neno la tangu zamani: kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha jambo. Yeyote anayekijua Kiswahili, hata kama hajaingia darasani, akisikia kiini cha atomu hujua kwamba kinachotajwa kiko ndani, ni cha msingi, na kimezungukwa na kitu kingine. Mwanafunzi wa Kiingereza hapati faida hiyo, kwa kuwa Kilatini hakizungumzwi nyumbani kwao. Aidha, kwa kuwa kiini hutumika pia kwa seli, Kiswahili kimehifadhi uhusiano ule ule uliomo katika neno la Kilatini.

Hata hivyo, neno zuri huja na hatari yake. Kiini cha yai huchukua sehemu kubwa ya yai, ilhali kipenyo cha kiini cha atomu ni sehemu moja kati ya 10,000 hadi 100,000 ya kipenyo cha atomu nzima. Kiini kikiwa punje ya mtama katikati ya uwanja wa mpira, ukingo wa atomu utafika penye magoli au mbali zaidi. Katika punje hiyo imo zaidi ya asilimia 99.9 ya tungamo yote. Mwalimu asiyelieleza hilo humwacha mwanafunzi na picha ya yai.

Jambo la namna hiyo lilizipata elektroni. Mwaka 1913 Niels Bohr alizipa njia maalumu za kuzunguka kiini, na wengi wakaona humo mfano wa sayari na jua. Kufikia mwaka 1926, kazi ya Erwin Schrödinger na wenzake ilionyesha kwamba elektroni haina njia ya kuchorwa kwa penseli. Kinachoweza kusemwa ni uwezekano wa kuikuta mahali fulani, ndiyo maana leo hufananishwa na wingu. Rutherford aliipa protoni jina lake mwaka 1920, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitu cha kwanza. Nyutroni, ambayo jina lake husema kwamba si ya upande huu wala ule, ilithibitishwa na James Chadwick mwaka 1932. Ndipo picha ya darasani ilipotimia.

Waliochimba kabla ya kufundishwa

Itakuwa kosa kudhani kwamba historia hii ilikuwa ya maabara za Ulaya peke yake, na kwamba Waswahili waliipokea baadaye kama wageni. Katika Katanga, kusini mwa Kongo, machimbo ya urani ya Shinkolobwe yalianza kuchimbwa mwaka 1921, kwanza kwa ajili ya radiamu iliyosafishwa huko Ubelgiji. Kampuni ya Union Minière, iliyoyamiliki, iliwakusanya wafanyakazi kutoka makabila na nchi mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi katika machimbo yake.

Mwishoni mwa mwaka 1938 Otto Hahn na Fritz Strassmann waligundua huko Berlin kwamba urani ikipigwa kwa nyutroni hutoa bariamu. Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza kwamba kiini kimepasuka vipande viwili. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zilisafirishwa hadi New York, na mengine mengi yakafuata. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu ilitoka huko. Mabomu mawili yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki tarehe 6 na 9 Agosti 1945.

Kwa hiyo wasemaji wa Kiswahili waliibeba mikononi mali ghafi ya enzi ya atomu miaka mingi kabla lugha yao haijawa na kitabu cha kuwaeleza walichokibeba. Walifanya kazi katika vumbi la mawe yenye unururifu, na ujuzi wa hatari yake uliandikwa katika lugha nyingine. Lugha ilitosha kutoa amri ya kazi. Haikupewa nafasi ya kutoa maelezo.

Kamusi na darasa

Pengo hilo lilianza kuzibwa baada ya uhuru. Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifanya kazi ndefu ya istilahi, na mwaka 1990 ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hoja iliyozoeleka kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi ilipoteza nguvu.

Lakini kamusi ilitangulia, darasa halikufuata. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika Kidato cha Kwanza kuanzia Januari 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Fizikia na kemia za sekondari zimeendelea kufundishwa kwa Kiingereza, kwa wanafunzi ambao wengi wao wamesoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili.

Wanaotetea hali hiyo wana hoja yao: maarifa mengi ya atomu huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi atakihitaji. Ni kweli. Hata hivyo, kukihitaji Kiingereza si sawa na kukifanya kuwa mlango pekee. Mwanafunzi anayekariri neno la Kilatini kwa matamshi ya Kiingereza, ilhali anacho kiini tangu utotoni, amenyimwa maelezo aliyokuwa nayo tayari.

Hitimisho

Imeonekana kwamba majina ya atomu na sehemu zake ni kumbukumbu za fikra za watu: jina la kitu kisichokatika kilichokatwa, la kaharabu iliyosuguliwa, la kokwa iliyo ndani ya ganda. Kiswahili kimekopa palipofaa kukopa, na kimetafsiri palipofaa kutafsiri. Kazi iliyobaki si ya kuunda maneno zaidi tu, bali ya kuyafikisha kwa aliyekusudiwa. Istilahi isiyotamkwa na mwalimu wala kuandikwa na mwanafunzi ni kama mbegu iliyohifadhiwa ghalani: kiini chake ki hai, lakini haioti mpaka ipandwe.