Muflisi na Wadai Wake

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), baina ya mwaka 13 na mwaka 23 wa Hijra, palikuwa na mtu wa kabila la Juhayna aitwaye Usayfi'i. Alikuwa akinunua ngamia kwa bei ya juu, tena kwa deni, akaenda mbio ili awatangulie mahujaji na isemwe kuwa yeye ndiye aliyefika mwanzo. Hakukopa kwa njaa wala kwa maradhi, bali alikopa apate kusifiwa. Kina Usayfi'i tunao hata leo, ila ngamia wamegeuka kuwa harusi na samani za sebuleni.

Madeni yakamzidi, na mali yake isiyatoshe. Sayyidna Umar akasimama mbele ya watu, akawahadharisha na deni, kisha akatangaza kuwa kila anayemdai mtu yule na aje asubuhi agawiwe katika mali yake. Khabari hii ameihifadhi Imam Malik katika Muwatta.

Tuizingatie hukumu hiyo. Mdai mwenye nguvu hakuachiwa awahi kunyakua peke yake, na mdaiwa hakuachwa asakwe na kila mtu kwa wakati wake. Mambo yalitolewa hadharani, yakamalizwa kwa siku moja. Kwingineko haikuwa hivyo. Katika sheria za kale za Roma, mdaiwa aliyeshindwa aliweza kuuzwa utumwani. Uingereza nayo iliwafunga watu kwa madeni hata katika karne ya 19, na baba yake mwandishi Charles Dickens aliingia jela ya Marshalsea mwaka 1824.

Msingi umetoka kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Imam Muslim amepokea khabari ya mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua, deni lake likawa kubwa. Mtume aliwaamrisha watu wamtolee sadaka, na zilipokuwa hazikutosha, aliwaambia wadai wachukue walichokipata, wala hawana zaidi ya hicho.

Wanavyuoni walikhitalifiana. Imam Abu Hanifa hakuona kuwa kadhi anaweza kumzuia mtu mzima, mwenye akili, asitumie mali yake. Wanafunzi wake Abu Yusuf na Muhammad wakamkhalifu katika hilo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, kadhi humzuia muflisi kwa ombi la wadai, akauza mali, akaigawa kwa kadiri ya haki ya kila mmoja. Muflisi huachiwa nguo zake na chakula cha watu wake cha siku hiyo. Nyumba huuzwa, kwa Imam Ahmad, nyumba anayoihitaji kwa kukaa haiuzwi.

Lakini mtu asidhani kuwa deni lililobaki limefutika. Limebaki katika dhima yake, na mdai akitaka kulisamehe ni khiari yake. Asiye na kitu hafungwi wala haandamwi. Husubiriwa mpaka apate wasaa, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 280. Na katika Suratut Tawba, aya ya 60, wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka. Aliyekopa kwa ajili ya maasia, wanavyuoni wengi wameshurutisha atubu kwanza, ndipo apewe.